Ofisi inahamia wapi baada ya Windows 10? Amua ya mezani peke yake, na ya seva peke yake

Mleta uzi (Mwanza)

Wakuu, salaam.

Tangu Microsoft wafunge huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila ofisi ninayoingia naulizwa swali lile lile: "Tuhamie Windows 11 au twende Linux?" (Linux ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wenye matoleo mengi, na mengi ni ya bure.) Nahudumia ofisi ndogo na za kati: shule, SACCOS, maduka ya dawa ya jumla, mawakala wa forodha. Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu majibu mengi mitandaoni ni ya ushabiki wa Simba na Yanga, na ofisi inayolipa mishahara ya watu haiendeshwi kwa ushabiki.

Msimamo wangu nautoa mapema. Hapo kuna maswali mawili, na ofisi nyingi zinaumia kwa kuyajibu kwa pamoja. Kompyuta ambayo mtu anakaa mbele yake ina mahitaji yake. Ile iliyo kabatini ikitunza mafaili ya wote ina mahitaji mengine kabisa. Mezani, mwenye kauli ni programu ambayo kazi haiendi bila hiyo. Kwenye seva, mwenye kauli ni mtu atakayeitunza, pamoja na gharama ya leseni mkishakuwa wengi. Ofisi ikiyatenganisha, mara nyingi inaishia na Windows kwenye meza kadhaa na Linux kwenye seva, na mpangilio huo unafanya kazi vizuri miaka nenda rudi.

Nianze na meza.

Laptopu nyingi za ofisi zetu ni za mtumba: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T470. Ni mashine imara, ukiziwekea SSD na RAM ya GB 8 zinafanya kazi bila kulalamika. Kasoro ni kwamba prosesa zake ni Intel za kizazi cha 6 na cha 7, wakati Windows 11 kwa masharti rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri) na Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka). Ndiyo maana 840 G3 na G4 ziko nje, G5 yenye kizazi cha 8 imo. T470 iko nje, T480 yenye kizazi cha 8 imo. Ukienda Kariakoo kununua, usiridhike na stika ya "Core i5". Mwambie muuzaji aiwashe, usome namba yenyewe: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokwambia, na kuanzia kizazi cha 10 zinakuwa tarakimu mbili.

Wapo mafundi wanaoruka masharti hayo kwa kutengeneza flashi ya kusakinishia na programu iitwayo Rufus. Windows 11 inaingia na mashine inawaka. Ila Microsoft wameshasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho. Ya nyumbani, ya kuangalizia mpira, sina neno. Yenye malipo ya wafanyakazi ndani yake, siwezi kumshauri mtu.

Njia nyingine ni kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10. Kwa taasisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu: 61, 122, 244. Jumla dola 427 kwa laptopu moja. Na ukichelewa ukaingia mwaka wa pili, unadaiwa na wa kwanza. Kwa pesa hiyo ni afadhali ubadilishe laptopu yenyewe.

Kuna na njia ambayo watu hawaitaji hadharani, nayo ni Windows iliyochakachuliwa. Angalia fundi anavyoiweka: hatua ya kwanza anazima kinga ya virusi, ndipo anaendesha ile programu ya kufungua leseni. Yaani umempa mtu usiyemjua mamlaka yote ya kompyuta yako, kisha mlinzi umempeleka likizo. Tafadhali, kwenye ofisi inayotunza taarifa za wateja, hiyo isihesabiwe hata kama chaguo.

Sasa, nani akae na nini? Chukua karatasi, pita meza kwa meza, andika programu ambayo kila mtu anaifungua kuanzia asubuhi. Hapa ndipo mambo yanapojichuja yenyewe. Mapokezi wanatumia brauza na WhatsApp tu. Mwalimu wa taaluma anaandika barua na kujaza alama. Mhasibu ana programu ya hesabu, TallyPrime au QuickBooks ya kwenye mashine, na hizo ni za Windows. Afisa utumishi ana mashine ya kusaini kwa kidole ambayo programu yake, kwa nyingi zilizopo sokoni, ni ya Windows. Mapokezi na mwalimu wanaweza kukaa Linux Mint (toleo mojawapo la Linux) wiki ijayo wasikwame. Mint 22 imejengwa juu ya toleo jingine, Ubuntu 24.04, na inahudumiwa hadi 2029, na menyu yake iko kona ile ile waliyoizoea. Mhasibu muacheni kwenye Windows halali, mnunulieni laptopu ya kizazi cha 8.

Kabla hujamhamisha katibu muhtasi kwenye LibreOffice, programu huria inayoshika nafasi ya Word na Excel, fanya jambo moja dogo linaloepusha ugomvi: weka fonti za Carlito na Caladea. Barua nyingi zimeandikwa kwa Calibri na Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Zikikosekana, kompyuta inachukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, mistari inasogea, barua ya ukurasa mmoja inamwaga sahihi ya mkurugenzi kwenye ukurasa wa pili. Katibu anasema "hii programu mbovu", na hapo umeshampoteza. Carlito ina vipimo vile vile vya Calibri, Caladea vile vile vya Cambria, kwa hiyo barua inabaki ilivyokuwa. Nimeona katibu aliyekataa kabisa akikubali baada ya hilo peke yake.

Printa nazo zijaribiwe kabla. HP LaserJet P1102, ambayo imejaa maofisini, inahitaji kiongezi cha HP kinachoshushwa kwa intaneti, na kila draiva yake ikisasishwa, kiongezi hicho nacho kinatakiwa kiwekwe upya. Usisubiri siku ya kuprinti mitihani ndipo ujue.

Na kwa wanaodhani programu huria ni kitu kigeni kilichotufikia jana: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Ubuntu ya kwanza ilikuwa ndiyo imetoka kwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kazi ile ingestahili kuendelezwa kuliko ilivyoendelezwa.

Seva nakuja nayo chini, ngoja nipumzike kidogo. Karibuni.

Mchangiaji (mhasibu, Morogoro)

Mkuu umesema kweli kuhusu Tally. Fundi mmoja alitaka kuiendesha kwa Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux. Ilifunguka, tukashangilia, lakini tulipofika kwenye kuprinti ankara na kusoma leseni ikawa shida tupu. Ila swali langu ni Excel. Nina mafaili yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili) za miaka. LibreOffice itayafungua?

Mleta uzi

Mkuu mhasibu, itayafungua, fomula zitakuwepo, jedwali egemeo (pivot) nalo litakuwepo. Makro ndiyo mtihani. LibreOffice inaelewa sehemu tu ya VBA, lugha ya makro za Excel, na inayokataa si lazima ikatae kwa kelele. Mara nyingine unabonyeza kitufe, kinanyamaza. Kwa mtu wa hesabu ukimya wa namna hiyo ni hatari kuliko kosa linaloonekana. Wewe baki na Excel. Nashauri hivyo bila kusita, ingawa seva nyingi ninazozisimamia mwenyewe ni Linux.

Mchangiaji (Mombasa)

Hata huku Kenya ni hivyo. Fomu za KRA (mamlaka ya mapato) za iTax, tovuti yao ya kodi, ni Excel yenye makro: unajaza, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, inakutengenezea faili la zip la kupakia kwenye tovuti. Makro zikizimwa hupati hiyo zip, na siku ya mwisho, 30 Juni, haikungoji. Sisi ofisini tumeacha Windows kwa watu wawili wanaoshughulika na ushuru, wengine wote wako Ubuntu. Kaka, tupe ya seva sasa.

Mleta uzi

Nimerudi. Seva.

Hali ninayoikuta ni hii: kompyuta ya mezani ya Windows 10 imewekwa chini ya meza ya mhasibu, folda moja imefunguliwa kwa wote, inaitwa seva. Inakwenda vizuri watu wakiwa wanane. Ofisi ikikua, asubuhi moja mtu anaambiwa na kompyuta kwamba hakuna nafasi ya kuunganishwa tena. Watu wanadhani ni swichi au kebo. Sio kebo. Windows ya mezani, iwe 10 au 11, ina ukomo wa vifaa 20 vinavyounganishwa kwa wakati mmoja, na ukomo huo umeandikwa kwenye masharti ya leseni. Ukinunua swichi ya bei yoyote hutauondoa.

Hapo ndipo muuzaji anakuletea Windows Server. Ni bidhaa nzuri, ila soma hesabu yake yote kabla hujasaini. Toleo la Standard linauzwa kwa idadi ya kokwa (cores) za prosesa, na kiwango cha chini ni kokwa 16 kwa seva hata kama yako ina 6. Juu yake kuna CAL, leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoigusa seva. Mkitaka watu waingie kwa Remote Desktop (kuitumia seva kutoka kompyuta nyingine) wafanyie kazi humo humo, kuna CAL nyingine tofauti. Nimekuta ofisi iliyolipia seva ikasahau CAL, maana kwenye ankara haikuwepo na seva yenyewe haikuwafungia mlango. Siku ya ukaguzi deni ni la ofisi, muuzaji hayupo.

Ofisi hiyo hiyo, kama inachotaka ni folda za pamoja, kila idara na yake, mkurugenzi aone zote, basi Debian au Ubuntu Server (matoleo ya Linux) yenye Samba, programu ya kushirikisha folda, inatosha na kubaki. Kompyuta za Windows zinaiona kama zinavyoiona seva ya Windows. Mtumiaji anabonyeza herufi ya diski ile ile, Z au S, hajui kilichobadilika. Leseni ya kuhesabu vichwa haipo. Seva isiyo na skrini ya picha inatumia RAM chache sana ikitulia, kwa hiyo hata mashine ya zamani kidogo inabeba.

Kitu kimoja cha Samba ninachokipenda ni moduli inayoitwa recycle. Kwa kawaida faili likifutwa kwenye folda ya mtandao linapotea moja kwa moja, haliendi kwenye lile debe la taka la kwenye skrini. Ukiongeza mstari wa `vfs objects = recycle` kwenye `smb.conf`, kila kinachofutwa kinahamia kwenye folda iliyofichwa. Mwalimu akifuta alama za kidato cha pili Ijumaa jioni, Jumatatu unamrudishia kwa dakika chache.

Kuhusu toleo gani la Linux, sibishani sana. Debian ina utulivu, inapewa miaka 3 ya huduma kamili na 2 ya nyongeza. Ya sasa ni 13, iliyotoka Agosti 2025. Ubuntu LTS (ile ya huduma ndefu) ina miaka 5, na 24.04 inakupeleka hadi 2029. Kama mnaendesha cPanel, programu ya kusimamia tovuti, wengi wako AlmaLinux, toleo jingine la Linux. Ila kumbukeni ya CentOS, toleo la Linux lililokuwa likitumika sana kwenye seva: Desemba 2020 kampuni ya Red Hat walitangaza kwamba CentOS Linux 8 itafungwa mwisho wa 2021, wakati watu walikuwa wamepanga hadi 2029. Ndipo zikazaliwa AlmaLinux na Rocky Linux. Bure haimaanishi hakuna mwenye uamuzi. Tazama nani yuko nyuma ya mfumo na ana desturi gani.

Na anayedhani Linux kwenye seva ni majaribio, aangalie sekta ya afya. DHIS2, ambayo wizara za afya za Tanzania na Kenya zinaitumia kukusanya takwimu za vituo, kwa kawaida inaendeshwa juu ya Ubuntu na kanzidata ya PostgreSQL. Programu za Moodle za masomo ya vyuo, Koha za maktaba, nazo makazi yake ni huko huko.

Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu, naheshimu maelezo yako ila mimi napinga. Sisi tuliwekewa Linux na kijana mmoja hodari sana. Akapata kazi Dar, akaondoka. Nenosiri la msimamizi aliondoka nalo kichwani, hakuna karatasi, hakuna mtu anayejua mafaili yako wapi. Windows kila mtaa kuna fundi. Hiyo bure yako ilitugharimu wiki nzima ya kazi.

Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na ndiyo maana kwenye seva nimesema mwenye kauli ni mtunzaji. Ila angalia kilichowaumiza: nenosiri moja, mtu mmoja, hakuna maandishi. Windows Server ikiachwa hivyo nayo inafungwa vivyo hivyo, na fundi wa mtaani anayejua kuweka Windows ya mezani si lazima ajue Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi kutoka sehemu moja.

Ninachokidai kwa kila ofisi kabla sijagusa seva ni watu wawili wa kukabidhiwa, sio mmoja, na daftari. Daftari la karatasi kabisa: anwani za mtandao, jina la kila folda na nani anaingia, diski ipi imewekwa lini, bakapu inakwenda wapi na saa ngapi. Manenosiri kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mkurugenzi. Kama ofisi haina mtu hata mmoja wa kulisoma hilo daftari na fundi wa Linux yuko mkoa mwingine, basi sishauri Linux. Chukueni Windows Server halali, au hifadhi ya mtandao inayonunuliwa ikiwa tayari kama ya Synology, ambayo ndani ni Linux lakini unaiendesha kwa kubonyeza kwenye brauza.

Hata miji mikubwa imepitia haya. Munich nchini Ujerumani walihamisha kompyuta takriban 15,000 kwenda Linux, wakamaliza 2013, halafu 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Wakati huo huo jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa limekaa kwenye Ubuntu yake tangu 2008. Wote walitumia Linux; walichotofautiana ni uongozi na nani alisimama nyuma ya uamuzi mwaka hadi mwaka.

Mchangiaji (Arusha)

Mkuu, ni wakati gani wewe mwenyewe ungesema "hapa weka Windows Server" bila kubisha?

Mleta uzi

Mara kadhaa, mkuu. Programu ya biashara ikiwa imeandikwa kwa .NET Framework, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu, la zamani, sio .NET ya sasa ambayo inakwenda hata kwenye Linux. Ofisi ikiwa na kompyuta nyingi za Windows na mnataka kudhibiti kila moja kwa sera: nani aweke flashi, skrini ijifunge lini. Samba inaweza kuwa kidhibiti cha Active Directory tangu toleo la 4 la Desemba 2012, na ninaiamini, ila inataka mkono uliozoea. Na Tally ya watu wengi kupitia Remote Desktop, hapo ni Windows Server moja kwa moja.

Kwa wenye Windows Server 2016: huduma yake inakoma 12 Januari 2027. Anzeni kupanga sasa. Na mlango wa 3389 wa Remote Desktop usifunguliwe kwenye intaneti hata siku moja. Ni moja ya njia kuu wanazoingilia wale wa kufunga mafaili na kudai fedha. Pitisheni kwenye VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.

Mashine ikiwa na nguvu, mnaweza kuweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa ndani ya moja), ambao umejengwa juu ya Debian, kisha ndani yake mashine pepe mbili: Linux ya mafaili, Windows Server ya Tally. Leseni ya Windows Server bado mtailipia, lakini bakapu ya zote mbili inatoka sehemu moja.

Mchangiaji (Kigoma)

Na umeme je? Huku unakatika wakati wowote. Mfumo upi unavumilia?

Mleta uzi

Yote miwili. NTFS na ext4, yaani upangaji wa mafaili kwenye diski wa Windows na wa Linux, zinaweka kumbukumbu ya mabadiliko kwa hiyo diski yenyewe mara nyingi inasimama tena. Kinachoharibika ni kanzidata iliyokatwa katikati ya kuandika. Mnunue UPS, na mwunganishe ule waya wake wa USB. Karibu kila ofisi ninayoingia waya huo bado uko ndani ya boksi, umefungwa na nailoni yake. Bila huo, UPS ni betri tu: inashikilia dakika kumi, inaisha, seva inaanguka kama vile haikuwepo. Ukiunganishwa, Windows inaitambua kama betri ya laptopu na unaweka ijizime ikibaki asilimia fulani. Kwenye Linux unaweka programu ya NUT, au apcupsd kama UPS ni ya APC. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), weka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, ili asubuhi usimtegemee mlinzi.

Bakapu ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Diski ya nje inayoachwa imechomekwa muda wote haihesabiwi, kwa sababu kinachofunga seva kinaifunga nayo. Chagueni faili moja kila mwezi, tuseme ankara ya Machi, mlifute kwa makusudi kwenye folda ya majaribio, mlirudishe kutoka kwenye bakapu, mlifungue, msome tarakimu. Andikeni kwenye lile daftari nani alifanya na ilichukua muda gani.

Mkuu wa Dodoma, kuhusu hiyo seva yenu: kama diski haikusimbwa (haikufungwa kwa ufunguo wa siri), mafaili yapo. Mashine ikiwashwa kwa flashi ya Linux, diski inasomeka na nenosiri jipya la msimamizi linawekwa. Nitumie PM ukiwa na picha ya skrini inapowaka, nikuelekeze.